Mkanda na Rangi: Kuwaongoza Vijana Wanaokuja Kazini na Mtaa Wao

Leo sizungumzii programu wala seva. Wenzangu wanaoongoza timu za programu hapa Nairobi wamekuwa wakiniuliza swali moja, tena kwa namna ya kulalamika: "Hawa vijana wa siku hizi, wewe unawafanya nini?"

Anayeuliza huwa amechoka. Kijana aliyemwajiri anakuja na hudi kichwani na hedifoni masikioni. Anaandika Sheng mpaka kwenye barua pepe ya mteja. Saa nane mchana anasinzia, saa nane usiku anatuma kazi safi kabisa. Ukimwagiza kitu anauliza "kwa nini?" Ukimjibu "kwa sababu nimesema," umeshampoteza.

Jibu langu ni refu kuliko muda wa chai ya saa nne, kwa hivyo nimeamua kuliandika.

Kwanza mjue ninakozungumzia. Timu yangu ina watu tisa. Tunatengeneza programu za vyama vya akiba na mikopo, hizi sacco zetu: akaunti za wanachama, mikopo, wadhamini, na malipo yanayoingia na kutoka kupitia M-Pesa. Wanne kati ya hao tisa wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Kazi yetu ni pesa za watu. Kuna mwalimu mstaafu mahali fulani ambaye hajui kompyuta ni nini na hataki kujua. Anachotaka ni kuona gawio lake limeingia. Nikizembea kidogo, yeye ndiye anayeumia. Nikibana sana nao, vijana wangu bora wanaondoka, na wakishaondoka mwalimu yule yule anaumia tu kwa njia nyingine.

Basi nimekaa hapo katikati kwa miaka kadhaa. Haya ndiyo niliyoyaokota.

Somo la Michuki

Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka matatu za miaka ya tisini. Ile ilikuwa maonyesho ya sanaa yenye magurudumu: michoro ya wanamuziki, majina ya kutisha, muziki unaotikisa vioo, kondakta ananing'inia mlangoni kwa kidole kimoja. Vijana wa Nairobi walikuwa na redio yao, jumba lao la sanaa na mitindo yao ya mavazi, vyote ndani ya gari moja.

Kisha ikaja tarehe 1 Februari 2004. Kanuni za waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, zikaanza kazi. Mikanda ya usalama kwa kila kiti. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Abiria 14 na si zaidi. Sare kwa dereva na kondakta. Na mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu, huku michoro ikizimwa.

Kanuni hizo ziliokoa maisha, sitaki ubishi hapo. Lakini tazama kilichotiwa kwenye kapu moja. Mkanda unamzuia abiria asirushwe nje ya kioo. Kidhibiti mwendo kinamzuia dereva asishindane na kifo. Mchoro wa mwanamuziki kwenye bodi ya gari ulikuwa unamuumiza nani?

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi, na leo ukisimama barabara ya Rongai utaona nganya zilizopakwa rangi kuliko zile za zamani. Rangi ilirudi na mkanda bado ni sheria. (Kama abiria wanaufunga hilo ni jambo la siku nyingine!)

Mimi nimelichukua somo hilo likawa chombo changu cha kazi. Kila ninapotaka kumkataza kijana jambo, najiuliza: huu ni mkanda au ni rangi? Na njia ya kupima ni swali moja tu: likivunjwa, ni nani hasa anaumia? Kama naweza kumtaja mtu, mwanachama wa sacco, mwenzake wa zamu, mteja, basi ni mkanda, na mkanda haujadiliwi kila asubuhi. Kama ninachoweza kusema ni "haipendezi" au "sisi hatukufanya hivyo", basi ni rangi, na mimi sina kazi na rangi.

Rasta ni rangi. Hudi ni rangi. Muziki wa Arbantone kwenye hedifoni ni rangi. Kuja saa nne badala ya saa mbili ni rangi, isipokuwa siku yako ya zamu, maana hapo kuna mwenzako aliyekesha anayesubiri kwenda kulala. Kupeleka mabadiliko kwenye seva ya wateja bila mtu wa pili kuyakagua ni mkanda. Hapo hata uwe fundi wa namna gani, utafunga.

Hata fani yetu ilitoka mtaani

Kabla sijaendelea, niwakumbushe wenzangu jambo tunalopenda kulisahau. Kompyuta ya nyumbani haikuzaliwa kwenye mikutano ya watu wenye tai. Machi 1975, kwenye gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, walikutana watu waliopenda kuchezea saketi, wakajiita Homebrew Computer Club. Miongoni mwao alikuwa kijana anayeitwa Steve Wozniak, mwajiriwa wa Hewlett-Packard. Kompyuta aliyoionyesha pale ndiyo iliyokuja kuwa Apple I. Kwanza aliwapa wakuu wake kazini. Hawakuitaka. Kilichofuata mnakijua.

Na sisi je? Kizazi changu ni cha saiba. Tulijifunza programu kwa shilingi moja kwa dakika, tunahifadhi kurasa kwenye diski ili tukazisome nyumbani bila intaneti, kwa sababu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM hazikufika Mombasa hadi 2009. Tulikuwa na lugha yetu, genge yetu masikioni, na suruali pana ambazo mabosi wetu waliziona kama ushahidi wa uvivu. Wale waliokuwa wakiandika blogu wakati huo walionekana watu wa kupoteza muda. Halafu Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, wanablogu na wanaprogramu ndio waliotengeneza Ushahidi kwa siku chache, ramani ambapo mwananchi angeweza kuripoti kwa ujumbe mfupi au kwa tovuti kilichotokea alipo. Chombo hicho kilikuja kutumika Haiti kwenye tetemeko la 2010.

Nasema haya ili tuelewane. Kijana haji kazini mtupu halafu akavaa mtaa wake kama koti. Amejifunza kitu huko. Kazi yangu ni kujua amejifunza nini.

Sheng: iache kwenye soga, itoe kwenye msimbo

Siku moja nilikuwa nakagua msimbo wa kijana mmoja wa Kayole, hodari sana. Kulikuwa na funksheni ya kuangalia kama mwanachama ana salio la kutosha kukatwa. Ameiita amesota. Ile ya kumtoa mtumiaji ambaye hajabonyeza kitu kwa dakika kumi ilikuwa amehepa. Na mkopaji ambaye hajalipa kwa miezi mitatu alikuwa kwenye orodha inayoitwa mitini.

Nilicheka peke yangu. Lakini kuna mwenzetu aliyekulia Lamu. Kiswahili chake kinatushinda sisi sote, ila ile amesota ilimkwamisha. Kwake kusota ni kujiburura kwa makalio kama mtoto mchanga. Akakaa pale anajiuliza huyu mwanachama wa sacco anajiburura anakwenda wapi!

Basi nikamwita kijana wa Kayole. Nikamwambia: Sheng unayoongea leo si ile niliyoongea mimi. Gari la mtaa lilikuwa manyanga, leo ni nganya, kesho sijui. Raha yake ndiyo hiyo, kwamba inakimbia ili wazee wasiishike. Msimbo wa sacco unakaa miaka kumi. Atakayeufungua usiku wa manane pesa zikiwa zimekwama huenda leo yuko darasa la saba Kitui. Huyo ndiye anayeumia. Kwa hivyo majina kwenye msimbo ni mkanda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili moja ya zamani, iliyoandikwa kabla hata mimi sijaajiriwa, akanionyesha jina la funksheni: prcTrx2. Akaniuliza, "Mzae, hii nayo ni lugha gani?"

Sikuwa na la kupinga. Vifupisho vile vilikuwa Sheng ya wazee, na ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haina hata ucheshi. Tukaandika kanuni moja inayotufunga sote: jina lolote lieleweke na mgeni aliyeingia leo. Yeye akabadilisha yake, na waliokuwa na umri wangu wakabadilisha yao. Ninaamini aliikubali kanuni hiyo kwa sababu ilipanda juu pia, haikuteremka chini tu. Mkanda unaofungwa na abiria huku dereva hana, abiria hawauheshimu.

Kwenye soga ya timu Sheng inaendelea na mimi nakimbizana nayo.

Halafu tazama upande wa pili wa ujuzi huo. Ujumbe wa USSD una nafasi ya herufi 182 tu. Ujumbe wetu malipo yakigoma ulikuwa unasema: "Ombi lako halikuweza kushughulikiwa kwa wakati huu." Sahihi kisarufi, na haumsaidii mtu. Mwanachama anabaki anajiuliza pesa ziko wapi, kisha anapiga simu ofisini kwa hasira. Kijana yule yule akaandika: "Pesa haijatoka kwa akaunti yako. Jaribu tena baada ya dakika 5." Simu za malalamiko zikapungua, na mhudumu wa mteja wetu akatupigia kutushukuru. Mtu aliyekulia kwenye lugha ya kusema mengi kwa maneno matatu ana sikio ambalo wengi wetu hatuna.

Watoto wa gemu

Wawili katika timu yangu wamelelewa na vile vyumba vya gemu vya mtaani, ambapo unalipia mechi moja na ukifungwa unampisha mwingine. Mwanzoni walinichanganya. Walivumilia kukosolewa vikali, lakini hawakuvumilia kimya. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba tathmini ya kila mwaka haina maana kwake, kwa sababu "hakuna gemu inayokuonyesha matokeo Desemba."

Ana haki. Kwenye gemu unafungwa, unaona kosa lako papo hapo, dakika tano baadaye unacheza tena. Sisi tunamwacha mtu afanye jambo vibaya Februari, tunanyamaza, kisha tunamsomea mashtaka mwisho wa mwaka. Sasa kila Ijumaa nakaa na kila mmoja dakika kumi na tano: nini kilikwenda vizuri, nini kilikwama, wiki ijayo tunajaribu nini. Wakubwa wa timu pia wameipenda, ingawa walisema haikuwa lazima.

Kitu kimoja niliwakatalia. Walitaka ubao ukutani unaoonyesha nani amefunga kazi nyingi zaidi wiki hiyo, kama msimamo wa ligi. Nikawaeleza: hesabu ikiwa ni idadi, kila mtu ataokota kazi nyepesi, na ile hitilafu ngumu ya riba itabaki pale miezi mitatu kwa sababu inakula wiki nzima na inaleta pointi moja. Walibishana kidogo, kisha mmoja akasema kwamba hata kwenye gemu za timu kuna watu wa kutafuta idadi ya kuua huku timu inapoteza. Wao wenyewe wakalimaliza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala wa saa nzima!

Kamera ofisini

Kuna binti kwenye timu anayetengeneza video fupi za maisha ya mwanaprogramu: safari ya matatu asubuhi, chai, msimbo, vichekesho. Ana watazamaji wengi kuliko tovuti ya kampuni. Mkurugenzi alipoona moja, akaniletea simu mezani: "Mwambie aache."

Nikamwomba binti tuitazame pamoja. Tukaisimamisha kwenye sekunde ya tatu. Nyuma yake, kwenye skrini, kulikuwa na orodha ya majina na namba za simu. Zilikuwa data za kubuni tunazotumia kwenye majaribio. Lakini mtazamaji hajui hilo, na mteja wetu hajui. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na siku ambapo namba zitakuwa za kweli, sina cha kujitetea mbele ya kamishna wala mbele ya yule mwalimu mstaafu.

Nilimwambia: video ni rangi yako, skrini ni mkanda wangu. Nikamwachia yeye atafute njia. Siku mbili baadaye akaja na mapendekezo matatu: kona moja karibu na jikoni ambapo hakuna skrini inayoonekana, data za majaribio zenye majina ya kuchekesha kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzidhania za kweli, na kanuni fupi aliyoiandika mwenyewe kwa wote, pamoja na sisi tunaopiga picha za sherehe za ofisini na kuziweka LinkedIn. Hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza. Mwanagenzi tuliyempata mwaka uliofuata alitufahamu kupitia video hizo.

Juni 2024

Siwezi kuandika kuhusu vijana na kazi Kenya nikaruka mwezi huu.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotoka, vijana waliusoma. Narudia: waliusoma, kifungu kwa kifungu. Wakaufafanua kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok. Mwanaprogramu mmoja akatengeneza Finance Bill GPT, unauliza swali, inakujibu mswada unasema nini. Maandamano makubwa yakaanza tarehe 18 Juni. Kauli yao ilikuwa kwamba hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama.

Jumatatu tarehe 24, vijana wangu wanne walikuja mezani pangu kwa pamoja. Nikauliza nani anaongea. Wakatazamana, wakacheka, wakaongea wote, kila mmoja kipande chake. Walikuwa wametengeneza jedwali. Wawili wanaomba likizo ya siku moja kesho. Wawili wanabaki na mitambo: mmoja ana pumu na hawezi moshi wa vitoa machozi, mwingine hakubaliani na maandamano na hakuficha. Jedwali lilikuwa na saa, namba za simu za ndugu wa kila mmoja, na nani atapokea zamu ya nani iwapo mtu atachelewa kurudi. Mimi mwenyewe sijawahi kupanga zamu vizuri namna ile.

Mkurugenzi alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi. Baadhi ya wateja wetu ni sacco za watumishi wa serikali. Alitaka nifute likizo zote. Nikamwomba tutenganishe mambo. Kinachoweza kumuumiza mwanachama ni mitambo kukosa watu, na watu wapo, hadi usiku wa manane. Kinachoweza kuiumiza kampuni ni fulana yetu au kompyuta yetu kuonekana barabarani, na hilo tunalikataza. Zaidi ya hapo, siku ya likizo ni haki ya mtu na hatumwulizi anakwenda wapi, harusini au mjini. Alikubali bila furaha.

Mnajua kilichotokea Jumanne tarehe 25. Waandamanaji waliingia Bunge, watu wakapigwa risasi wakafa. Jioni intaneti ikayumba nchi nzima, na kwetu majibu ya malipo yakawa yanachelewa au hayaji kabisa. Wale wawili waliobaki walilinganisha malipo kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka saa saba usiku. Hakuna mwanachama aliyekatwa mara mbili.

Mmoja wa walioomba likizo hakurudi nyumbani. Simu yake ilikuwa imezimwa. Saa nne usiku jedwali lile likaanza kufanya kazi ambayo hatukutaka ifanye: fulani anampigia mama yake, fulani anazunguka hospitali, fulani anazunguka vituo. Aliyempata, asubuhi, kwenye kituo kimoja cha polisi, ni yule asiyekubaliana na maandamano. Alikuwa amekesha kwenye malipo na hakuwa amelala hata kidogo. Tarehe 26 Rais Ruto akatangaza hatatia sahihi mswada ule. Kijana wetu alirudi kazini Alhamisi, anachechemea, akakaa, akafungua kompyuta. Hakuna aliyetoa hotuba.

Wiki zilizofuata nilikuwa na kazi moja muhimu: kuhakikisha kwamba aliyekwenda haitwi mhuni na aliyebaki haitwi msaliti. Huo nao ni mkanda, tena pengine mgumu kuliko yote.

Baada ya Juni, mtu aliyeusoma mswada wa serikali nzima hawezi kutia sahihi kitabu cha kanuni za kampuni bila kukisoma. Walikisoma. Wakaja na maswali: saa za ziada za zamu zinalipwaje? Kwa nini watu wawili wa kiwango kimoja hawajui kama wanalipwa sawa? Ilikuwa mikutano mizito, lakini leo viwango vya mishahara kwa kila daraja viko wazi kwa timu nzima. Mmoja wa wakubwa aligundua kwamba alikuwa akilipwa chini ya daraja lake kwa muda mrefu. Akarekebishiwa. Yeye mwenyewe asingeuliza kamwe, maana sisi tulilelewa kutouliza.

Mei 2025 mwanaprogramu Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma maoni yao ya kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mwezi uliofuata mahakama ilimwachilia, ikisema mashtaka hayakuonyesha kosa. Ofisini kukawa na wazo la kupiga marufuku kazi zote za pembeni. Tulikaa tena na swali letu, tukabaki na masharti matatu: saa zako, mashine yako, na hakuna hata mstari mmoja wa data ya mteja. Kilichobaki ni cha mtu binafsi.

Ambayo bado yananisumbua

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kuna hatari moja ninayoiona kila siku: kudhani kwamba vijana wote ni wa mtaa mmoja. Yule wa Lamu ni Gen Z kama wenzake, lakini hachezi gemu, haongei Sheng, na jioni yake ni darasa na familia. Ofisi ikigeuka kuwa ya watu wa nganya na vichekesho vya mtandaoni, yeye anabaki mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Utani wa kundi unaweza kumfungia mtu mlango sawasawa na tai za mabosi wangu wa zamani. Kwa hivyo nimeweka jambo dogo: uamuzi wowote wa kazi unaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza cha kawaida, mahali ambapo wote wanaona, hata kama ulianza kama utani usiku.

La pili ni usiku wenyewe. Nimesema saa za kuja ni rangi, na naamini hivyo. Lakini nina kijana anayefanya kazi yetu mchana, kazi za wateja wa nje usiku, na gemu alfajiri. Kodi ya nyumba imepanda na ana wadogo zake wa kusomesha, kwa hivyo siwezi kumhubiria kuhusu usingizi. Macho yake mekundu hayajamuumiza mwanachama yeyote bado. Je, yeye mwenyewe hahesabiki kati ya watu wanaoumia? Ijumaa zetu mbili zilizopita tumelizungumzia hilo tu. Tumekubaliana kwamba asipangwe zamu mbili mfululizo, na ninamtafutia nyongeza ambayo itamwezesha kuacha angalau mteja mmoja wa nje.

Najua wasomaji wangu si wanaprogramu wote. Mko wenye saluni, gereji, shule, maduka ya simu. Kama mnaongoza vijana, jaribuni zoezi hili: andikeni kanuni zenu zote kwenye karatasi, kisha kando ya kila moja mtaje jina la mtu anayeumia ikivunjwa. Zile zitakazokosa jina zifuteni mbele ya vijana wenu wenyewe, na wao waone mkizifuta. Mtashangaa jinsi zilizobaki zitakavyoanza kufuatwa.

Tukutane tena wiki ijayo, nitarudi kwenye ile mada ya kulinganisha malipo ya M-Pesa mtandao unapoyumba. Sasa mnajua nani alinifundisha.